Hakuna Platini ya Kusugua

Maskati

Kaka Bakari, shikamoo.

Mwaamkaje huko Ngamiani? Magoti ya mama yamepoa kidogo? Mimi afya ninayo, nala, nalala, kazini naenda. Zaidi ya hapo sijui nikwambie nini. Uliponipigia kunipa habari ya msiba wa baba nilikuwa chini ya gari la mteja. Nikakaza nati zilizobaki, nikanawa mikono, nikala wali. Watu wananipa pole, naitikia nimeshapoa. Mpaka leo sijalia, kaka, na hilo linanitisha.

Sasa hili la gari la baba. Umesema stata inazungusha injini lakini haishiki, fundi kakwambia injini imekufa, na mama anataka liuzwe chuma chakavu kwa kuwa hawezi kuliona limesimama uani bubu. Halafu eti ukafungua, ukatafuta platini, ukaona kidude ukakisugua na msasa kama baba alivyotufundisha. Jamani, Bakari! Platini ilikuwa kwenye lile gari lake la zamani. Vyuma viwili vikigusana na kuachana, umeme wa koili unakatika, plagi inatoa cheche. Hili halina. Lina gurudumu la meno linalozunguka na injini, na sensa imekaa karibu nalo bila kuligusa. Meno yakipita, sensa inaiarifu kompyuta ya gari, nayo ndiyo inayokata umeme wa koili kwa wakati wake. Sensa ikinyamaza, kompyuta haijui injini imefika wapi, basi cheche hakuna. Ndiyo maana, kama ulivyoniambia, hata mshale wa mizunguko kwenye dashibodi hautikisiki ukipiga stata. Injini haijafa, inazunguka bure tu. Nami naona niko hivyohivyo.

Na kile ulichokisugua ndiyo sensa yenyewe. Kama ilikuwa na roho, umeimaliza wewe.

Barua hii anakuletea Mzee Saidi, jirani yangu wa hapa anayerudi kwao Pangani, pamoja na sensa mpya. Fungua waya za betri kwanza, sensa ifunge taratibu, nyundo weka mbali. Msiliuze kabla ya kujaribu, nakuomba sana. Likishika, nipigie, usiseme kitu, weka simu juu ya boneti. Labda nikiusikia mlio wake nitalia.

Nisalimie shemeji mkeo na shangazi wa Kigombe, mwambie dagaa wake walifika. Mama mshike mkono kwa niaba yangu. Akilisikia gari akainuka kuinjika chai, kama alivyokuwa akifanya baba akikata kona kurudi nyumbani, usimzuie. Mwache ainjike, uinywe naye.

Nduguyo,
Mwinyi