Mkaguzi Amekungoja Sebuleni

Nyumbani,
chumba cha mbele,
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu tele kutoka nyumba hii ambayo tangu uondoke ilikuwa kimya, na sasa kimya tunakitafuta kwa tochi. Hujambo huko? Kile kikohozi kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Mama anauliza kama unavaa soksi ukilala. Nimeshamjibu kwamba unavaa, kwa hiyo zivae tafadhali, usinifanye muongo mbele ya mzazi.

Sisi huku ni wazima. Goti la mama linauma akitumwa dukani. Akisikia mtu anagombana mtaani, linapona papo hapo na anafika wa kwanza. Mimi nipo na friji zangu za kutengeneza. Kitambi kimeniongezea heshima: wateja wapya huniita mzee, wa zamani huniuliza natarajia lini. Nacheka nao, nifanyeje?

Nilikwambia kwenye simu kwamba kile chumba cha uani, alichokuwa baba akishonea viatu, tunakipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu. Sikukwambia jinsi mama anavyowaendesha. Mgeni analipia kitanda. Mama anampa kitanda, sweta, ushauri wa ndoa na kazi ya kumenya vitunguu. Kijana mmoja aliandika kwenye mtandao, "Nyumba safi sana, ila nilikatazwa kutoka kabla ya kumaliza chai." Dada mwingine akaandika, "Nyota tano. Mwenye nyumba alinionyesha mwanawe wa kiume kila asubuhi kama anayeuza kabati." Kabati lenyewe ndilo linalokuandikia.

Usicheke sana. Wageni hao ndio wanaolipa dawa za macho za mama, na zaidi ya dawa, wanamfanya aamke na jambo la kufanya. Baada ya baba kututoka na wewe kwenda mbali, uliacha mama anayekaa kwenye kiti kile cha dirishani mpaka jua linamhama. Sasa hakai. Asubuhi namsikia akiuliza mlangoni, "Mwanangu, umelala salama au umelala tu?" Nikiisikia sauti hiyo, najua siku imeanza vizuri.

Basi, halmashauri imetunga sheria ya nyumba zinazopangishwa kwa siku, na sitaki kuisema vibaya. Unaikumbuka ile safu ya nyumba za ghorofa kule kwenye kona? Yote imekuwa ya wageni. Ukiishiwa chumvi huna wa kumgongea. Anafungua mtu mwenye sanduku anayekuuliza wewe njia ya stesheni. Watu waliokuwa wamepanga kwa mwezi wakaambiwa wahame. Kwa hiyo sheria ilihitajika. Tatizo ni kwamba imetukanyaga na sisi.

Inasema hivi: familia ikiishi ndani, inaruhusiwa chumba kimoja tu cha wageni. Vikiwa viwili, hiyo si nyumba tena, ni hoteli, na hoteli inatakiwa iwe na mlango wa kukimbilia moto ukiwaka, kibao barabarani na mtu wa mapokezi. Halafu wakaongeza kipengele, kwa sababu watu ni wajanja na walikuwa wanasema "hicho ni kitupu tu" huku ndani kuna mgeni anakoroma. Chumba ambacho hakuna mwanafamilia aliyelala humo hata usiku mmoja kwa mwaka kinahesabiwa cha wageni, kiwe na mgeni kisiwe naye, na mtu mmoja hahesabiwi vyumba viwili.

Umeshaelewa. Chumba cha mama, changu, cha uani, na chako.

Nilijaribu kutumia akili, na unajua nilivyo nikijaribu. Kwanza nilipendekeza nihamie chumbani kwako. Mama akaniuliza, "Na kwako atalala nani, kitambi?" Nikasema basi nitagawa, katikati ya wiki huku, mwisho wa wiki kule. Akaniangalia kama anayetafuta mahali nilipopasuka.

Pili nilimwita fundi ujenzi tuvunje ukuta kati ya chumba changu na chako, viwe kimoja kikubwa, hesabu iishe. Fundi akaja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akachora alama ya chaki. Mama akatoka jikoni na mwiko. "Fundi, anza kugonga kichwa cha huyu. Ndicho kitupu." Fundi akachukua ndoo yake akaenda zake. Jioni mama akaifuta ile chaki kwa kitambaa chenye maji, taratibu, mpaka rangi ya ukuta ikaanza kutoka, ndipo nikamwambia imetosha.

Nikamwambia basi hakuna jinsi, tuache wageni. Alikwenda akakaa kwenye kile kiti cha dirishani. Chiriku, nilijuta kufungua mdomo.

Sasa nikueleze la Alhamisi. Mkaguzi wa halmashauri alikuja, dada mmoja mwembamba mwenye viatu vya kutembelea na uso wa mtu aliyeambiwa uongo tangu asubuhi. Kule uani tulikuwa na mgeni, mwalimu wa kike wa hesabu aliyekuja kwa semina. Chumba chake kikakaguliwa, hakina shida. Cha mama, hakina shida. Changu, akasimama mlangoni, akasema ameona, hana haja ya kuingia.

Tukafika kwako. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mkaguzi akabisha hodi. Ni adabu tu, ana mkono wa kubisha hodi kabla ya kuingia. Lakini alipobisha, mimi na mama tukatega sikio pale, sote wawili, kana kwamba utaitika.

Akafungua. Wewe hujui, kwa hiyo ngoja nikwambie: mama hubadilisha mashuka yako kila Jumamosi. Ndala zako ziko chini ya kitanda, zimeelekea mlangoni. Kwenye stuli kuna glasi ya maji imefunikwa na kisahani, na maji ni ya siku hiyohiyo. Mkaguzi akaangalia ndala, akaangalia maji, akanigeukia.

"Kumbe mna mgeni mwingine."

Nimezaliwa na sura ya mwenye hatia, hata nikidai changu naonekana mwizi.

"Si mgeni," mama akasema. "Ni binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Kazini."

"Anarudi saa ngapi? Itabidi nimwone mwenyewe."

"Basi kaa, mwanangu. Tumngoje."

Na akakaa! Chai ikaletwa. Mwalimu wa hesabu naye akatoka uani akajumuika. Mama akasimulia ulivyokuwa ukiongea usingizini, ulivyomjibu mwalimu mkuu, ulivyokata nywele zako mwenyewe kwa mkasi wa baba wa kukatia ngozi. Kila kitu alikisema kama cha jana. Mkaguzi akaanza kutabasamu. Akatazama saa yake. Mwalimu akaniinamia, akaninong'oneza, "Kaka, huyu dada yenu anafanya kazi wapi, mbona anachelewa hivi?"

"Ng'ambo," nikasema.

Nilidhani nimenong'ona. Mkaguzi akaweka kikombe chini.

"Mama, binti yako alitoka lini humu ndani?"

Mama akajifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Mwaka ule baba yao alipofariki. Alisema atarudi akishajipanga. Basi anajipanga."

Hakukuwa na uongo ndani yake, hilo nakuapia. Mama hakumdanganya mkaguzi. Alimkaribisha kwenye kungoja anakokungoja yeye kila siku, akasogeza kiti, akamimina chai.

Mkaguzi hakuvunja sheria kwa ajili yetu, na sikutegemea. Alisema kipengele ni kipengele. Ila alirudi mwenyewe hadi chumbani kwako, akasimama kidogo, akaurudisha mlango kama alivyoukuta. Akasema atapita tena shule zitakapofungwa. Kama binti mwenyewe amelala pale kabla ya hapo, chumba ni cha familia kwa mwaka mwingine. Kama hakuna, tuchague: tuache wageni, au tuvunje ukuta. Mlangoni mama akamfunga zipu ya koti hadi shingoni. Hakukataa.

Mama amenikataza kukuandikia haya. Anasema usisumbuliwe, tiketi si maji ya bomba. Ameniambia amekwisha kuamua: wageni waache kuja, chumba chako kibaki. Amelisema bila kunitazama, akikunja mashuka ya uani.

Mimi sikumtii, nimeanza utundu ukubwani. Wewe mdogo wangu, sikuulizi umeshajipanga au bado. Mimi nina umri huu na sijajipanga, naishi na mama na soksi zangu hazifanani, na hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza. Njoo ulale. Siku mbili zinatosha, hata moja. Njoo na sanduku tupu, njoo umechoka, njoo bila zawadi. Nauli nitakusaidia kwa kadiri friji zitakavyoharibika, na msimu wa joto huo unakuja, Mungu anisamehe ninavyouombea.

Shangazi wa barabara ya pili anakusalimu, anasema bado una bakuli lake. Binamu yetu kinyozi anakusalimu pia. Amefungua duka, amenyoa nusu ya mtaa, nusu nyingine imekimbia. Mwalimu wa hesabu naye anakusalimu ingawa hakujui. Semina imekwisha lakini ameongeza siku. Usianze, Chiriku. Nakuona unavyocheka, usianze.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mzuri ndani ya hizo soksi, na akulete kwetu ungali unaikumbuka njia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukutania kwa kipimo kimoja,

Mzee wa Friji.

N.B. Ukifika, hata kama ni alfajiri, usibishe hodi. Sukuma tu mlango, upite moja kwa moja mpaka chumbani, uvae ndala zako. Mama akizisikia zikiburuta sakafuni, atajua.