Jina la site yetu lilikuwa la Papa Mugisho

Ijumaa, Bukavu. Jua limetoka baada ya siku tatu za mvua, matope ya Kasha, mtaa wetu wa Bagira, yameanza kukauka, na mimi nina furaha ya kijinga. Nacheka peke yangu jikoni. Mama amekuja mara mbili kuniangalia kama niko muzima.

Wacha niandike haraka kabla umeme haujakatika. Wiki hii nimekuwa mwongo, kisha mwoga, kisha leo mtu mwenye bahati kuliko wote wa Bagira nzima.

Kwa asiyetujua: sisi ni kikundi cha bamaman, akina mama wa Kasha, wanaosimulia hadithi za Kimashi. Mimi, Nabintu, ni katibu wao. Wao wanasimulia, mimi narekodi kwa simu na kuweka kwenye site, tovuti yetu. Watu wanatusikiliza kuanzia Kalehe mpaka Ubelgiji. Kuna waliotoka hapa wakiwa wadogo ambao sasa wanawawekea watoto wao hadithi zile wakati wa kulala, na wanatuandikia kwamba mtoto amecheka, ingawa hakuelewa hata neno moja. Jina la site limechapishwa kwenye vitenge vya bamaman vya sherehe. Limeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa salle, ukumbi wa parokia. Watoto wa kartiye, wa mtaa mzima, wanalijua kama wanavyojua jina la timu yao.

Jumatatu asubuhi nikafungua site, nikakuta haipo.

Ukurasa mweupe tu, na maneno ya Kiingereza. Nikayatafsiri polepole: mwenye jina hili hajathibitisha anwani yake, kwa hiyo jina limesimamishwa. Asipojitokeza, litaachiwa atakayelitaka.

Maana jina la site, ambalo wataalamu huliita jina la kikoa, si kitu unachonunua kikawa chako daima kama sufuria. Unaandikishwa kwenye kampuni kwamba wewe ndiye mwenyewe, na mara kwa mara wanakuuliza kwa barua pepe kama bado upo. Ukinyamaza, kwao umekufa. Kuna kwaya moja hapa mjini iliyopoteza jina lake namna hiyo. Leo ukilifungua unakuta mambo ya kamari. Waimbaji wa Bikira Maria, jamani!

Sasa aibu yangu. Mwenye jina letu hakuwa mimi.

Siku ile tunajaza fomu, miaka mitano iliyopita, tulifika mahali palipoandikwa "mwenye jina". Bamaman wote wakaniangalia. Nami nikafikiri kama anavyofikiri mtu yeyote wa hapa: shughuli yoyote lazima iwe na président d'honneur, mkubwa anayewekwa juu ili kazi ipate heshima. Wetu ni Papa Mugisho, inspecteur wa shule aliyestaafu, aliyetupa viti na kutuombea chumba kwa padri. Mimi, binti ambaye hata kuolewa bado, niandike jina langu juu ya jina lake? Ningeonekana sina adabu. Kwa hiyo nikaandika Papa Mugisho. Hivyo hivyo, "Papa" kama jina la kwanza, "Mugisho" kama la pili, kwa sababu mkono wangu ulikataa kuandika jina la muzee likiwa uchi.

Anwani ya barua pepe tulimfungulia siku hiyo hiyo kwenye cyber, duka moja la intaneti la Nyawera. Neno la siri nililiandika kwenye karatasi. Cyber ilishafungwa, karatasi sijui iko wapi, na Papa Mugisho hakuwahi kuambiwa kama ana barua pepe.

Hakuwahi kuambiwa kama ana site, pia. Miaka mitano!

Niliiandikia kampuni. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba wao wanaongea na mwenye jina tu. Nikawaeleza kwamba kazi yote ninafanya mimi. Wakarudia jibu lile lile. Kwao nilikuwa mpita njia anayegonga nyumba ya mtu.

Bamaman wakaniuliza site ina nini. Nikasema, "Ni connexion tu, itarudi." Niliwadanganya wote, na Maman Furaha, anayesimulia kuliko wote, akanipa pole na bakuli la sambaza, vidagaa vya ziwa letu, za kukaanga eti nisijichoshe. Nilizila nikilia kidogo. Zilikuwa tamu, na hiyo ikaniumiza zaidi.

Jumatano nikafanya jambo ambalo nilikuwa naliogopa mwaka mzima. Niko kwenye jumuiya moja ya watumiaji wa intaneti kutoka nchi nyingi. Wanakutana mtandaoni kujadili jinsi majina haya yanavyosimamiwa, nani aamue nini, na mtu wa kawaida alindwe vipi. Niliingia kwa udadisi. Mwaka mzima nimesema "bonjour" na "au revoir", basi. Wenzangu mle ni wanasheria, mainjinia, walimu wa vyuo vikuu. Mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka.

Nikaandika kwa Kifaransa, nikaeleza yote, hata ile ya Papa kuwa jina la kwanza. Nikabonyeza, nikaifunika simu kwa mto.

Nilipoifunua, nilikuta majibu tisa! Hakuna hata mmoja aliyenicheka. Ama walicheka, lakini kicheko cha watu wa nyumbani. Bwana mmoja wa Fiji aliandika kwamba site ya kijiji chao waliiandikisha kwa jina la mchungaji, kisha mchungaji akahamishwa kisiwa kingine. Renata, mwanasheria wa Brazili, akaniambia kuna kanuni kuhusu shida kama yangu: mwenye jina akipoteza barua pepe yake, kampuni inapaswa kumpa njia ya kujitambulisha na kurekebisha anwani. Alikijua kifungu chenyewe kwa sababu yeye na wengine walibishana juu yake kwa miezi, watu wa nchi nyingi, kwenye ile mikutano ambayo mimi nilikuwa nasikiliza huku nikichambua mboga za lenga-lenga.

Na Aïssatou wa Dakar, ambaye naye anahangaika na site ya wavuvi wa kwao, akaandika: "Dada, nitakusaidia kwa Kiingereza. Wewe nenda kamtafute muzee wako."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Kampuni ni ya mbali. Papa Mugisho anakaa hapa hapa mjini, Nyawera.

Maana kumwambia nini? Kwamba tulitumia jina lake bila kumuuliza, na sasa tunataka alitoe? Hapa kwetu président d'honneur haondolewi akiwa hai. Kumwambia mkubwa "papa, toka hapo" ni kumshusha mbele za watu. Na akikasirika akakataa, hadithi zote zingebaki kwenye kompyuta ya kikundi bila mlango wa kuingilia.

Jana Alhamisi nikaenda. Nikamkuta anasoma gazeti la zamani kwa lunette mbili, miwani moja juu ya nyingine. Nikapiga magoti nusu, nikasema yote bila kupumua. Akakunja gazeti polepole. Nikaanza kuhesabu maua ya pazia.

"Kumbe niko na kitu kwa internet tangu miaka tano," akasema mwishowe, "na hakuna mutu alinipashaka habari?"

"Njo vile, papa. Unisamehe."

"Na ile kitu iko inafanya nini?"

Nikamwekea hadithi moja ya Maman Furaha kutoka simu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu pale sungura anapomdanganya fisi, kisha akaita ndani wamletee carte d'électeur yake, kadi ya kupigia kura, na wampigie pasi koti.

Leo saa tisa alasiri tukakutana salle ya parokia. Aïssatou alikuwa ameiandikia kampuni usiku, akitaja kanuni ya Renata, nayo ikataka imwone mwenye jina kwa video, kadi mkononi. Ilikuwa imenibidi niwaeleze bamaman ukweli asubuhi. Maman Furaha akanipiga kofi la bega, akasema, "Na sambaza yangu ulikula!" Kisha wote wakaja, na vitenge vya sherehe, kumi na wawili, wakakaa nyuma yetu kama mahakama.

Kwenye skrini alikuwapo mama mmoja wa kampuni, mpole, macho yamechoka. Alikuwapo Aïssatou. Alikuwapo na Renata, kuhakikisha kanuni inafuatwa. Mpango ulikuwa hivi: Papa anaongea Kiswahili ili bamaman waelewe, mimi nageuza kwa Kifaransa, Aïssatou anageuza kwa Kiingereza. Ingekuwa rahisi Papa aongee Kifaransa, Kifaransa chake ni cha kung'aa. Alikataa. Alisema kazi ni ya bamaman, wasikie.

Mama wa kampuni akauliza swali dogo tu: je, wewe ndiye mwenye jina?

Papa Mugisho akasimama.

Alisimama kabisa, hata skrini ikabaki na tai yake tu. Akaanza: "Waheshimiwa wa kampuni, waheshimiwa wa inchi mbalimbali, kila mutu kwa cheo yake..." Akawasalimia wote. Akaishukuru Dakar. Akaishukuru Brazili. Mimi nageuza, Aïssatou anageuza, sauti yake ikianza kutetemeka kwa kicheko, na tai inaendelea kuhutubia dunia. Nilidhani mama wa kampuni atakata. Hakukata. Alijishika shavu, akasikiliza mpaka nukta ya mwisho, kisha akasema kwamba hajawahi kujibiwa vizuri hivyo.

Halafu akaangalia kadi, na uso ukabadilika. Kadi inasema Mugisho Évariste. Fomu inasema Papa Mugisho. Akauliza, huyu Papa ni nani?

Kosa langu la miaka mitano, limekaa pale katikati ya skrini.

Aïssatou hakunisubiri. Akamweleza kwamba kwetu huwezi kuandika jina la muzee bila kumwita baba, kwamba hata Dakar mtu angesita. Renata akasema bibi yake alikuwa na jina la heshima ambalo wajukuu walidhani ni la ubatizo. Mama wa kampuni akasema anaelewa, lakini anahitaji karatasi. Nikakumbuka statuts, katiba ya kikundi! Ukurasa wa mwisho una jina lote, "Mugisho Évariste, anayeitwa Papa Mugisho, président d'honneur", na sahihi yake, na cachet, mihuri mitatu mizima, maana hapa karatasi isiyo na cachet ni ya kufungia karanga. Nikaikimbilia kabatini. Tukaisogeza kwenye kamera. Akalinganisha sahihi na ile ya kadi. Nyuma yangu bamaman walisimama kwa ncha za vidole ili waone.

"Sawa," Aïssatou akageuza. "Anakubali."

Kelele zile! Watu wa barabarani walichungulia dirishani.

Ikabaki kitu kimoja. Sasa jina liandikwe la nani? Renata alikuwa ameshanishauri: andikeni kikundi, na barua pepe ya kikundi inayofunguliwa na watu watatu. Nikakubali haraka, nikafurahi, maana hakuna atakayeshushwa wala kupandishwa. Lakini fomu ilitaka pia jina la mtu mmoja, wa kujibu kampuni ikiita. Nikaanza kuandika Papa.

Ndiyo, niliandika tena. Mkono wenyewe!

Papa Mugisho akaniwekea kidole juu ya mkono.

"Hapana. Mimi nilikaaka kwa kiti ya mbele, wewe njo ulikuwa unafanya kazi. Andika Nabintu."

Nikasema, "Papa, watasema niko najiinua."

Akawageukia bamaman. "Kuna mutu hapa atasema vile?"

Maman Furaha akapiga vigelegele, wengine wakamfuata, na Aïssatou kule Dakar akapiga vya kwao, tofauti kabisa na vyetu. Mama wa kampuni akauliza kama kuna tatizo. Renata akamwambia hapana, endelea.

Nikaandika. Herufi saba. Ziliniwia ndefu kuliko ripoti zote nilizowahi kuandika. Papa alibaki amesimama pembeni yangu, anasoma kila herufi kwa lunette zake mbili, na nilipomaliza akasema "bien", vizuri, kama alivyokuwa akiwaambia walimu.

Baada ya nusu saa site ikafunguka. Tumeifungua kwa simu zote zilizokuwa mle ndani, kana kwamba tungeweza kuichosha. Papa ameomba nimwonyeshe mahali pa kubonyeza, na amesema atakuja kila Ijumaa kusikiliza, président d'honneur anayejua sasa ni honneur ya nini. Maneno yake.

Nami nimeahidi, kwenye mkutano ujao wa jumuiya ile, kuzungumza. Si "bonjour" tu. Aïssatou anataka tuandike maelezo mafupi kwa vikundi kama vyetu, kwa Kiswahili na kwa Kiwolofu, jinsi ya kuandikisha jina bila kumficha anayefanya kazi. Nimekubali kabla sijaogopa.

Mama amekuja mara ya tatu. Ameniuliza ninacheka nini. Nimemgeuzia kompyuta, nikamwonyesha mstari ule wa fomu. Amesoma kwa sauti: "Nabintu." Kisha akauliza, "Sasa zamani balikuwa banaandika nani?"

Miaka mitano yote, ni nani hasa alinikataza kuandika jina langu?