Klabu ya Babu Yake Bwana Aleki, na Yetu

Al Khoudh, Maskati, Ijumaa. Joto limeanza mapema, na moyo wangu mzito tangu asubuhi.

Nimesoma kwenye mtandao historia ya klabu moja ya mpira ya Uskochi, ya zamani kabisa. Aya tatu tu. Vijana wa kiwanda cha kutia nguo rangi waliianzisha, wakacheza kwenye kiwanja cha kuazima, na haikufika hata miaka mitano. Kiwanda kilifungwa, wachezaji wakatawanyika, reli ikapita juu ya kiwanja.

Naijua klabu hiyo. Mwaka 1969, hapa Maskati, nilikuwa karani wa mhandisi Mskochi, Bwana Aleki. Mezani aliweka picha ya klabu hiyo: babu yake na wenzake kumi, masharubu na kofia. Alinitajia majina yao, mmoja mmoja.

"Nikifa mimi, nani atawataja?" alisema. Kisha akaniuliza: "Na wewe, Nassor, uliwahi kucheza?"

"Hapana, bwana."

Nilidanganya.

Nilicheza beki Unguja, klabu ya mtaa wetu. Nayo ilikufa changa, Januari 1964. Ningesema ndiyo, angeniuliza majina, na la kipa wetu lisingenitoka.

Khamis.

Alasiri moja ya siku zile za mapinduzi alikuja mbio akagonga mlango wetu. Nilichungulia dirishani, nikamwona peku, shati limechanika.

"Nassor, ni mie. N'fungulie."

Mama na wadogo zangu walikuwa wamejibana nyuma yangu. Khofu ilinishika. Sikufungua. Aligonga tena, kisha nikasikia miguu yake ikikimbilia kichochoroni.

Hakuonekana tena.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba siku ile hatukuwapo nyumbani. Hata dada yake, Zuwena, anayekaa Khuwair ya Kusini, hapa hapa Maskati, nilimwambia hivyo hivyo.

Leo baada ya sala nimempigia simu, nikamwambia kweli yote.



"Nnajua, Nassor," akasema. "Mama alikuona unachungulia. Alikuwa kajificha dirishani kwa jirani, ng'ambo ya njia, na Khamis hajui."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

Zuwena amekula kwangu kila Idi. Wanangu wote amewapakata walipozaliwa.

Nimemuuliza kwa nini hakusema.

"N'likuwa nakungoja wewe."

Kesho asubuhi nakwenda kwake. Bado sijui nitaanza na neno gani.