Kodi Tumeishinda, Lakini Shemeji Amenuna

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, ingawa sijui kama mtu mwenye furaha kama yangu ana haki ya kuomba msaada, maana nimeolewa juzijuzi tu na bado nikiamka nikamkuta mume wangu pembeni nahisi kama nimeokota dhahabu njiani, na sauti yake ndiyo iliyoniponza, kwa sababu nilikuwa napokea simu kwenye kampuni yao ya kuingiza sauti kwenye katuni, na kila siku nilimsikia ng'ambo ya ukuta akiwa mamba, akiwa mfalme, akiwa kuku mwenye mafua, mpaka nikajikuta nampenda hata yule kuku.

Kampuni ni ya mume wangu na kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu, ambaye ndiye aliyemlea na kumsomesha, ndiye anayeshika mahesabu, na ndiye sauti ya Babu Kobe katika katuni tunayoitengenezea televisheni ya nchi nyingine. Kazi hiyo ya nje ndiyo inayotulisha, lakini shemeji alitaka tuiache. Alisema, "Jamani, wale wanatukata kodi kabla ya kututumia, na ofisi ya kodi ya hapa inatukata tena kwa mapato yaleyale. Ng'ombe mmoja anachinjwa mara mbili! Bora turudi kwenye matangazo ya sabuni." Mume wangu akanywea, nami moyo ukaniuma, mamba wangu aje kusifia povu!

Basi nilipotumwa ofisi ya kodi kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato ya kampuni, nikamuuliza mama wa dirishani, hivi mtu akishakatwa kodi nje, hapa hakuna huruma? Akanitazama juu ya miwani. "Huruma hakuna, mwanangu, sheria ipo. Kampuni ya hapa inataja mapato yake yote, ya ndani na ya nje, kisha kodi iliyokwisha kulipwa huko inapunguzwa kwenye kodi ya hapa. Cheti cha kodi mliyokatwa huko mnacho?" Cheti! Kumbe shemeji hakuwahi kukiomba, na hakuna aliyewahi kumwambia. Nikawaandikia wale wa televisheni, wakakileta, mama akagonga muhuri, na kodi yetu ya mwaka huu ikashuka mpaka nikadhani amekosea. Mshauri, nilishuka ngazi mbio, viatu mkononi! Mume wangu alininyanyua juu mbele ya wafanyakazi wote, na kazi ya nje ikapona.

Hapo ndipo tulipoharibu. Kwa furaha tuliingia chumba cha kurekodi, mume wangu akawa Mamba, mimi nikamuigiza Babu Kobe. Mamba anauliza, "Babu, nauli ya kwenda umelipa mara mbili, ya kurudi utaitoa wapi?" Nami najibu kwa sauti ya kukokota, "Nitatembea, mjukuu wangu, mimi na gamba langu." Tukaipiga kwenye spika wakati wa chakula cha mchana, watu wakavunjika mbavu, shemeji naye akacheka kidogo, akafuta mdomo, akaweka funguo za ofisi mezani, akasema, "Vizuri. Kobe mwingine mmeshampata." Akaondoka.

Tangu siku hiyo haji, na simu anapokea mkewe. Msimu mpya tunaanza kuurekodi Jumatatu, televisheni inamtaka yeye na si mwingine, na sauti yangu ni ya kobe aliyebanwa na mlango. Nifanye nini arudi?

Ni mimi, Bibi Harusi wa Mamba.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi Harusi, hongera kwa ndoa na hongera kwa cheti. Wengi hupita kwenye dirisha lile wakinung'unika, wewe uliuliza. Sasa keti nikuseme.

Mlipika chakula kizuri mkakimwagia mchanga. Mzee wa watu amechekwa mbele ya wafanyakazi wake, kwa sauti yake mwenyewe, na watoto wa nyumbani kwake! Mumeo ana lawama kubwa zaidi, maana wewe ulicheza ngoma aliyoipiga yeye. Tena nikuulize: shemeji yako alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa akitaja mapato ya nje bila kuficha hata senti, na yalikuwa yakimuuma. Angeyaficha, cheti chako kingewaumbua, na leo ungeniandikia ukilia. Ushindi wako umesimama juu ya uaminifu wake. Kosa lake mmelitangaza kwenye spika. Uaminifu wake, nani aliutaja?

Kwa hiyo, ile rekodi ifuteni leo. Mumeo aende kwa kaka yake peke yake, kwa sauti aliyozaliwa nayo, aseme "Kaka, nimekukosea," kisha anyamaze asikilize, hata akitukanwa. Hilo litamfikisha shemeji mlangoni. Kumrudisha kitini kuna dawa nyingine, nayo mnayo wenyewe.

Mwaka jana alilipa bila cheti, sivyo? Ofisi za kodi huwa zinakubali ritani ya nyuma irekebishwe, mradi muda haujapita. Waombe leo hii wale wa televisheni cheti cha mwaka huo, Jumatatu isiwakute mikono mitupu. Kikifika, usikimbie nacho popote! Mpe mkononi, umwambie, "Shemeji, hii ritani uliiandika wewe, na anayeweza kuitetea ni wewe." Aende dirishani mwenyewe. Mkumbushane tu kwamba cheti kinaombwa kila mwaka, na kodi ya huko ikizidi ya hapa, ile ziada msitegemee kurudishiwa.

Akitoka na muhuri wake, ole wako useme "si nilisema?" Wewe piga vigelegele mpaka majirani watoke nje kuuliza kuna nini, na mumeo awajibu: "Kaka yangu ameshinda!"