Skrubu Tatu na Mama Mkwe

Jumamosi, Ndhiwa

Na ni nani alimwambia mama mkwe aje leo? Nimejilaza sebuleni na kaptura, nyonga ina skrubu tatu tangu ile pikipiki initupe Uriri, halafu nasikia "Hodi!" mlangoni.

Kwetu mtu hampokei mama mkwe akiwa amelala. Nikashika magongo, nikainuka. Mguu mbaya ukagusa sakafu kidogo tu, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno.

"Akinyi!" mama mkwe akamwita mke wangu, uso ameugeuzia ukutani asinione, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. "Mwambie bwana yako akae. Daktari si alikataza?"

Alikataza kabisa. Alisema mimi bado kijana, ndiyo maana ameokoa mfupa wangu mwenyewe badala ya kuweka wa chuma, lakini nikiukanyagia kabla haujaunga, skrubu zitalegea. Mimi ni fundi wa milango, hilo sihitaji kuelezwa mara mbili. Sasa najiuliza kama zimelegea. Eksirei ni Jumatatu. Mungu wangu.

Akinyi alipoenda jikoni na kuku tuliyeletewa, mama akanisemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Haijawahi kutokea tangu nimuoe binti yake. Macho bado yako ukutani.

"Siku ya matanga yangu ni wewe mkwe utaleta ng'ombe, ndiyo desturi. Utamleta ukiwa umelala?"

Nikacheka mpaka nyonga ikanikemea. "Nitamleta na miguu yangu yote miwili, mama. Lakini usiharakishe."

"Wewe ndiye usiharakishe," akasema.