Tai wa Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 7 Novemba 1998

Bi Dorothea, jirani yetu wa nyumba ya pili, kaniletea koti la marehemu baba yake. Mzee alikuwa zimamoto wa mji mdogo huko Ujerumani. Kabla ya kunikabidhi kazamisha pua kwenye kola. Moshi wake bado umo, kasema, hajalifua tangu mzee afariki. Mimi sikusikia harufu yoyote – mafua haya!

Shida ni nembo: tai wa uzi mwekundu, mkono wa kushoto. Msalaba wa Hitler uliokuwa kwenye makucha umefumuliwa. Mzee alimwambia binti yake kwamba aliufumua mwenyewe, kwa wembe, siku vita vilipoisha. Sasa Ethan, mwenyekiti wa klabu yetu ya wakusanyaji wa nembo za kale huku Marekani, kule Herndon, kamwambia mbele za watu nembo ni feki, imeshonwa juzijuzi. Kwa hiyo baba alinidanganya? – ndivyo alivyoniuliza, macho yamejaa machozi. Anataka ukweli, hata ukiwa mchungu.

Ataupata! Mimi mtoto wa zimamoto, nembo hizi nimezikagua miaka, na Ethan hanitishi.

Jumapili, 8 Novemba

Mama (tangu aje kutoka Moshi, nyumba hii ni yake) kakuta koti sebuleni. Kelele! Kafaulaya juu ya kochi! Nikamwambia si mtumba, Mama, ni la jirani. Jirani yupi, kauliza, aliye hai au aliyekufa? Domina, mke wangu mpenzi, kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 12 Novemba

Kazi na foleni za barabara ya 270 zimenimaliza wiki nzima. Leo ndio nimelishika koti. Nimezima taa zote, nikawasha ile ya zambarau ya kukagulia nyuzi. Chini yake uzi wa zamani hauwaki, wa kisasa huwaka. Huu unawaka – buluu, kama meno ya mtu disko! Moyo umeniuma. Ethan kwenye simu kafurahi kama kashinda bahati nasibu.

Nilitaka kumpigia Bi Dorothea palepale. Domina kanishika mkono: mama wa watu kamwamini baba yake maisha yote, wewe umetazama dakika tano. Angalia tena.

Haya. Kesho.

Ijumaa, 13 Novemba

Koti zima linawaka! Mifuko, bitana, kola. Na fulana niliyovaa inawaka vilevile! Ni sabuni. Hizi sabuni za unga za siku hizi zina kitu kinachong'aa chini ya taa hii.

Mama!

Ndiyo, kalifua. Jumatatu, sisi tukiwa kazini. Kwa mkono, maji baridi, Omo kidogo – kwake sabuni yoyote ya unga ni Omo. Kalianika karibu na boila la kupashia nyumba joto, kalirudisha. Nikafoka. Kanijibu taratibu:

"Kalisti, nguo ya zimamoto inafuliwa siku hiyohiyo. Moshi ukilala ndani, mwenyewe hatoki tena motoni. Baba yako nilimfulia miaka yote. Na alikufa kitandani kwake."



Taa basi haina maana tena. Nikachukua lenzi, nikainua ukingo wa nembo. Chini yake kitambaa bado kimekolea rangi, pembeni kimepauka: tai kakaa hapo miaka mingi. Na kwenye makucha, matundu ya sindano, na mkwaruzo mmoja pale wembe ulipoteleza. Ni halisi! Mzee hakudanganya! Nimeruka kama mtoto.

Halafu nikampa Domina kola anuse. Kanusa. Kanusa tena. Sabuni tu, kasema.

Nimempigia Bi Dorothea aje. Nitaanza na sabuni, tai baadaye. Sifichi kitu. Naandika hapa mezani mpaka afike –

Kengele! Mama kaniwahi mlangoni, koti mikononi, limenyooshwa pasi, kwa Kiingereza chake chote: Klini! Veri klini!

Bi Dorothea anatabasamu. Anainua kola puani.