Kamba ya mbuzi

Mususa, siku ya ine, 2001

Niko nacheka peke yangu mpaka kalamu inaruka. Leo bwana yangu amekula uji mara tano na ameenda choo mara mbili tu. Mbili.

Tangu risasi ya tumbo kule njia ya Oicha, chakula ilikuwa inamupita mbio kuliko bakimbizi. Mama mukwe akasema ni minyoo, donc kila asubuyi alikuwa anamunywesha dawa ya majani. Roho yangu ilikuwa inawaka.

Juzi munganga mwenye alimupasua alifika kwetu, akaomba kamba ya mbuzi. Akaitandika chini.

"Mama, utumbo ilikuwa murefu hivi. Risasi iliharibu mingi, nikakata."

Na kisu akakata kamba, akabakiza kakipande kafupi.

"Haka hakawezi kukamata chakula mingi. Mumupe kidogo kidogo. Dawa ya minyoo, hapana."

Sasa mbuzi iko inatembea mu maharagi ya jirani.

Niko naogopa bado. Kale kafupi katamufikisha wapi?

Mama mukwe amefunga kale kakipande ka kamba mu kona ya kitenge yake. Nikamuuliza ni ya nini.

"Ndiko kanalisha mutoto wangu," akasema. "Nakaombea."